Nyasi za Bosi na Dagaa wa Bi Mwavita

Wiki mbili zilizopita fundi mmoja wa hapa Gungu, mtu mzima mwenye ndevu zake na pikipiki yake, alinikokota kwenda kuona kazi aliyoifunga kwenye nyumba ya watu. Spinkla kumi na nne katika bustani ndogo, zote kwenye bomba moja la nusu inchi. Akafungua koki kwa madaha. Spinkla mbili za mwanzo zikarusha maji hadi kwenye magoti yangu, tano zilizofuata zikatema mate, na saba za mwisho zikakaa kimya kabisa. Nikamuuliza kazi hiyo amejifunzia wapi. "Mtandaoni, mzee. Jamaa anaelezea freshi kabisa." Nikamuuliza huyo jamaa anaishi mji gani, na pampu yake ina nguvu kiasi gani. Akacheka. Nyinyi mafundi wa siku hizi mkikosa jibu huwa mnacheka.

Ndiyo maana naandika haya. Jina langu Sadoki, nimefunga bomba katika mji huu mpaka mgongo ulipokataa kuinama, na sasa nakaa nyumbani nikisikia nyundo zenu zinavyogonga mahali pasipotakiwa nyundo. Sina mpango wa kuwabembeleza. Anayetaka kubembelezwa akafanye kazi nyingine, maji hayambembelezi mtu.

Tuanze na hizo nyasi zenyewe. Kule kijijini Simbo mtu anaamka alfajiri na jembe kwenda kung'oa nyasi shambani, anazilaani mpaka jua linamchoma utosi. Huku mjini mtu mwenye akili timamu ananunua nyasi zilezile, zinaletwa zimekunjwa kama mikeka, anazipanda mlangoni kwake, halafu kiangazi kikipiga anamwita fundi aje kuzinywesha. Mwenyewe hazili, hazichemshi, mbuzi akizisogelea anafukuzwa. Nilifunga maji ya nyasi kwa miaka mingi na sijawahi kuelewa. Lakini fundi haulizwi kama anaelewa, anaulizwa kama maji yamefika.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Nikodemu. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akaoa hapa, akazeeka hapa, na Kiswahili chake kilibaki na Kirundi ndani mpaka tulipomzika. Hakuwa na kipimo chochote cha dukani. Kabla hajashika bomba la mtu aliomba ndoo, akaiweka chini ya koki, akaifungua, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Ndoo ikijaa kabla ubeti wa pili haujaisha, alisema maji yapo. Ikifika ubeti wa nne haijajaa, alimwambia mwenye nyumba apunguze tamaa. Kwa wimbo ule alijua ni spinkla ngapi zinaweza kufunguliwa pamoja, na zilizobaki alizigawa mafungu, kila fungu na koki yake, zipeane zamu. Yule mwenye ndevu angeimba ubeti mmoja tu asingeaibika.

Siku moja nikiwa bado mbichi nilimaliza bustani ya nyumba ya wageni kule Ujiji, nikamwita Nikodemu aje anisifu. Maji yaliruka vizuri, yanameta, watoto wa jirani wamejazana kwenye ua kuangalia. Nikodemu hakutazama juu. Alikwenda kwenye jalala la hoteli akarudi na gunia la makopo ya nyanya, akayapanga kwenye nyasi yote, hatua mbili hatua mbili, akasema tungoje. Baadaye akaninyanyulia makopo mawili, moja limejaa, jingine lina matone ya kulowesha kidole.

"Oya sha," akaniambia, yaani hapana rafiki, "huyu umemfurisha tumbo na huyu umemnyima. Wote wawili ni wako?"

Nilikuwa nimezipanga spinkla mbali moja na nyingine ili nisitumie nyingi, kila moja ikajimwagia duara lake na katikati pakabaki pakavu. Maji ya spinkla moja lazima yafike kwenye mguu wa mwenzake. Ukiona kuna nafasi kati yao, umefunga mapambo. Nikafukua nusu ya bustani nikaanza upya, na wale watoto wakabaki hadi mwisho, maana kumwona mtu mzima akirudia kazi ni starehe kubwa.

Kosa jingine sitasahau. Nilikata bomba, nikapaka gundi, nikaunga, nikafukia, nikafunga spinkla zote, ndipo nikafungua maji. Mchanga wote uliokuwa umeingia ndani ya bomba wakati nachimba ukakimbilia kwenye matundu madogo ya spinkla ukakaa humo. Nilizichokonoa kwa mwiba siku nzima. Bomba husafishwa midomo ikiwa wazi, maji yatoke na uchafu wake mpaka yawe meupe, ndipo ufunge vichwa vya spinkla. Na gundi huachwa ikauke. Najua mnajua. Nawaona mnavyopaka, mnaunga na kufungua maji papo hapo kwa sababu mna kazi nyingine mtaa wa Mwanga, halafu usiku mwenye nyumba anaogelea.

Nisije nikasema ya zamani yote yalikuwa mazuri. Bomba za chuma tulikuwa tunazikata nyuzi za kuungia kwa mkono, tunazizungushia katani na rangi, na baada ya miaka kadhaa zinaoza na kutoa maji mekundu kama chai. Plastiki ni bora. Kilichoharibika ni mkono unaoishika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha kitako niandike, na humo msitafute fundi mwingine wa kumcheka, mtanikuta mimi.

Kuna mtu mwenye malori, nitamwita Bosi kwa sababu kila mtu alimwita hivyo na yeye alipenda. Alijenga nyumba kubwa ufukweni, upande wa Kibirizi. Nyuma yake, juu kidogo kwenye mteremko, alikuwa anakaa Bi Mwavita, mjane kutoka ukoo wa Ujiji, mfanyabiashara wa dagaa. Alikuwapo pale kabla ya Bosi kujua kama kuna mahali panaitwa Kibirizi. Vichanja vyake vya kuanikia, nguzo na wavu juu yake, vilipangwa mpaka karibu na ukuta mpya wa Bosi. Mitumbwi ikirudi asubuhi alinunua, akaanika, akageuza mchana, jioni akaanua. Kwa kazi hiyo alikuwa anawalea wajukuu wanne.

Bosi alikwenda Uarabuni mara moja, akarudi na picha kwenye simu na katoni. Picha zilikuwa za nyasi za kijani katikati ya jangwa. Katoni ilikuwa na spinkla za kisasa na kijisanduku cha kuziwasha na kuzizima chenyewe kwa saa.

"Mzee Sadoki," akaniambia, "wenzetu wana mchanga mtupu na wana nyasi. Sisi tuna ziwa hapa, tunashindwaje?"

Nilitaka kumwambia kwamba wenzetu wana umeme usiokatika. Sikusema. Ile katoni ilinitia tamaa. Nilikuwa karibu kustaafu na sijawahi kufunga kijisanduku cha namna ile, nikajiona nitaaga kazi kwa heshima.

Siku ya tatu ya kuchimba Bi Mwavita alisimama upande wake wa ukuta, ungo mkononi.

"Shikamoo fundi. Hivyo vitu vyako havitanifikia dagaa zangu?"

"Marahaba, Bi Mwavita. Mimi nimefunga maji wewe hujaolewa."

"Sijauliza umeanza lini. Nimeuliza kama havitanifikia."

"Hata tone," nikamwambia. "Kalale."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye dagaa wake. Nami nikaendelea kuchimba nikicheka peke yangu, mwanamke wa dagaa anataka kunifundisha maji.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, nasema bila aibu. Nilipima kwa ndoo. Nilizigawa spinkla mafungu manne. Niliweka chujio kwa sababu maji ya ziwa huja na mwani na visimbi, yale makombe madogo madogo. Nilisafisha bomba kabla ya kufunga vichwa. Asubuhi ya majaribio nilipanga makopo, na kila kopo likapata sawa na mwenzake. Nikachungulia ukutani kwa Bi Mwavita, pakavu kabisa. Kijisanduku nikakipangia kiwashe alfajiri, wakati hakuna jua la kunywa maji wala upepo wa kuyabeba. Bosi akanipa mkono, akanipiga picha nikiwa nimesimama katikati ya nyasi.

Mnaoishi kando ya ziwa mmeshaona kosa. Asubuhi upepo wetu unashuka kutoka vilimani kwenda majini. Mchana unageuka, unatoka ziwani unapanda mteremko. Nimezaliwa na upepo huo, hata nguo zangu za shule mama alizianika kwa kuufuata. Na bado nilijaribu kazi asubuhi tu, upepo ukiwa umemwelekea samaki, nikakunja makopo yangu nikaenda nyumbani kabla ya mchana. Nilijiambia hainihusu, mchana spinkla zitakuwa zimelala.

Mnakumbuka ziwa lilipotangazwa kufungwa, miezi mitatu bila kuvua, samaki wapumzike. Siku ya mwisho Kibirizi ilikuwa kama sikukuu yenye huzuni, kila mtu ananunua anachoweza. Bi Mwavita aliweka kila alichokuwa nacho kwenye dagaa wa asubuhi ile, akajaza vichanja vyote mpaka akatandika nyavu chini. Dagaa wale ndio wangemlisha yeye na wajukuu mpaka ziwa lifunguliwe. Saa tano aliwageuza, akawaacha, akaenda Ujiji msibani na majirani zake. Msione ni uzembe. Kiangazi hakuna mtu wa huku anayelinda dagaa na mvua, mvua itoke wapi? Mtu anaangalia mbingu mara moja, anafunga kanga, anakwenda kuzika.

Mimi nilikuwa nyumbani nasikiliza mpira wa marudio redioni. Kama saa saba hivi simu ikalia, Bosi.

"Mzee, mbona spinkla zako zinajiwasha zenyewe? Zimenilowesha wageni!"

Wageni ndio walikuwa wamemuuma. Nikapanda bodaboda. Njiani dereva ananieleza kwamba umeme ulikatika asubuhi ukarudi, na mimi nikajua kilichotokea kabla sijafika. Kijisanduku kile kikikosa umeme kinasahau saa na kila ulichokipangia. Umeme ukirudi kinafuata ratiba kiliyozaliwa nayo kiwandani, ya watu wa jangwani: mwagia asubuhi, mwagia mchana, mwagia tena nyasi zisiungue. Ili kisisahau kinawekewa betri mbili ndogo. Zilikuwamo kwenye katoni, zimefungwa kwenye karatasi yake. Nilizitazama siku ile nikasema, umeme upo, betri za nini. Nikazitia mfukoni. Ndizo zilizokuwa kwenye redio yangu nikisikiliza mpira.

Nilifunga koki kuu bila kumsalimia mtu, nikaenda ukutani. Maji yalikuwa yamepanda na upepo, mepesi kama ukungu, yakashuka yote upande wa pili. Dagaa ambao saa tano walikuwa wameanza kulia kama makaratasi makavu sasa walikuwa wamelala, wamegandana, weupe wao umekufa. Aliyewahi kushika dagaa aliyekauka nusu akaloweshwa juani anajua. Ukimwacha kwa saa mbili anaanza kunuka, na kesho yake anameng'enyeka mkononi.

Bi Mwavita alirudi wakati bado nimesimama pale, yeye na wanawake wenzake watano wa msibani. Alipita kichanja hadi kichanja akigusa kwa kiganja. Bosi akatoka na wageni wake nyuma, akawahi kusema.

"Pole sana mama, ni huu umeme wetu. Umekatika, umerudi, mitambo imevurugika. Fundi mwenyewe huyu hapa, atakueleza."

Wote wakanitazama. Nawaambia ukweli, sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Umeme kweli ulikatika. Ningetaja umeme, Bosi angeitikia, wale wanawake wangetoa laana kwa watu wa umeme kama kila siku, na mimi ningerudi kwenye mpira wangu. Nimewasikia mkisema maneno kama hayo mara ngapi? Presha ya maji mzee, kifaa feki mzee, fundi aliyetangulia aliharibu mzee. Nami nilikuwa nayasema. Nilimwangalia yule mama aliyeshika dagaa waliolowa, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Si umeme," nikasema. "Kilikuwa na betri zake. Nilizichukua nikatia kwenye redio yangu. Na upepo wa mchana sikuupima."

Bosi akanikata jicho kama nimemvua nguo.

"Nilikuuliza, fundi," Bi Mwavita akasema.

"Uliniuliza."

"Ukanijibu nini?"

Alitaka niseme, mbele ya wale wanawake, mbele ya Bosi na wageni wake waliolowa.

"Nilikwambia hata tone. Nikakwambia ukalale."

"Na kabla ya hapo?"

"Nilikwambia nimefunga maji wewe hujaolewa."

Mwanamke mmoja akaguna. Bi Mwavita alitikisa kichwa mara moja, basi, akaacha kunishughulikia. Akatazama jua, akatazama ardhi yake yote iliyolowa, akatazama juu ya ukuta. Mbele ya nyumba ya Bosi kulikuwa na ua mpana wa matofali ya saruji, pa kuegesha magari, ambapo maji yangu hayakufika kwa sababu kule hakuna nyasi. Matofali yalikuwa yanawaka kwa jua.

"Fungua geti," akaniambia.

"Jamani, nina wageni," Bosi akaanza, "na harufu ya..."

"Fungua geti, fundi."

Nikafungua. Wale wanawake waliingia na nyavu na beseni, na mimi nikabeba kama mpagazi wa bandarini, mgongo wangu ule uliokuwa haukubali kuinama ukakubali. Tulitandaza dagaa kwenye ua wote wa Bosi, mmoja mmoja, tukiwatenganisha kwa vidole. Wageni walinyanyua miguu na viatu vyao wakahamia barazani. Bosi alisimama mlangoni akiwaangalia dagaa walivyolizingira gari lake. Mgeni wake mmoja tu, mama mtu mzima, alivua viatu akaja kutusaidia kugeuza.

Jua lilipozama tulikuwa tumeokoa kama nusu. Nusu ya pili iligeuka rangi ya kahawia na kuchacha, kitu cha kuwauzia watu wa kuku. Kesho yake ziwa likafungwa.

Ile mitambo niliirudia, ndiyo. Nilifukua mstari wote wa karibu na ukuta nikausogeza mbali, nikabadilisha vichwa vinavyotoa ukungu nikaweka vya matone makubwa yanayoanguka chini kwa uzito, nikatia betri mpya. Nilifunga kitambaa kwenye ufito, nikausimika, nikakaa chini yake tangu asubuhi hadi jioni nikiangalia kinapepea upande gani kila saa. Bosi aliuliza kama naumwa. Chukueni hilo kama hamtachukua jingine: kabla ya kufunga kitu kinachorusha maji hewani, kaa hapo kutwa nzima na kitambaa chako. Hakuna mtu mtandaoni atakayekukalia.

Miezi ile yote mitatu Bi Mwavita alikaa kando ya barabara akiuza mihogo ya kuchemsha, na nyuma yake, juu ya ukuta, nyasi za Bosi zikiwa kijani kibichi. Nilipita pale mara nyingi. Nilinunua mihogo, na kila nikinunua alinipimia sawasawa na wateja wengine, bila nyongeza.

Lakini mwanzoni kabisa, siku ya nne tu tangu ile ya maji, alikuja nyumbani kwangu Gungu kwa miguu, kisado chake cha kupimia dagaa kichwani. Nilijua amekuja kunitukana kwa nafasi, nikamtolea kiti. Hakukaa. Alishusha kisado mbele yangu, kimejaa dagaa wale wa kahawia, harufu ikamtoa mke wangu jikoni.

"Hizi sikuwapa watu wa kuku," akasema. "Nimekuwekea wewe. Ni kazi ya mikono yako."

Akamsalimia mke wangu, akauliza habari za nyumbani, akaondoka.

Mke wangu aliomba awamwagie kuku. Nikakataa. Akawaosha mara tatu, akawakaanga kwa mawese na nyanya mpaka akachoka, na bado walikuwa wachungu, wana mchanga, wanavunjika kama udongo. Akaniwekea na ugali wa muhogo. Nilikula. Kesho yake nikala tena, na keshokutwa, peke yangu, kwa sababu sikuruhusu mtu mwingine wa nyumba ile aguse. Siku ya tano ya kuwala mke wangu alinisimamia kwa mkono kiunoni akaniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia aongeze ugali, kisado bado hakijaisha.